Fintan wa Chini ya Kumi na Mbili

Cloonabrick,
Jumapili, 11 Machi 1984

Kwako kaka Malachy,

Pokea salamu za nyumba nzima, kuanzia kwa Mama hadi kwa mbwa. Sisi hatujambo, ila mvua haijatupa nafasi ya kupumua tangu Krismasi na shamba la chini limekuwa ziwa. Nyonga ya Mama inamsumbua lakini bado anakataa fimbo. Anasema fimbo ni ya wazee, naye ana miaka sabini na minne tu. Noreen na watoto ni wazima. Nilimwona wifi yangu kanisani leo, kavaa lile koti ulilomtumia, na watu wawili wakamuuliza kama huko Boston yamebaki mengine. Fintan hajaongeza kimo, lakini miguu yake haitulii hata wakati wa sala. Noreen bado anamwita "Mdogo", eti kifungua mimba wake mwenyewe anamwita Mdogo. Sijui mtoto huyo atakua lini kama mama yake hampi ruhusa.

Sasa lililonishikisha kalamu. Mkutano wa klabu yetu ya mpira wa Kiayalandi umenichagua katibu wa timu za watoto. Usicheke. Packie Tansey, ambaye bado ni mwenyekiti na bado anavaa ile kofia, aliuliza nani anaitaka kazi. Wanaume wote wakaanza kuchunguza viatu vyao, nikanyoosha mkono. Packie akasema, "Haya Dympna, wewe ulibakiza kidogo uwe mtawa, utatunyoosha."

Na nitawanyoosha kweli. Nilikuandikia juu ya fainali ya mwaka jana ya chini ya kumi na mbili, jinsi Drumcorban walivyotuchapa. Beki wao wa kati alikuwa na masharubu, kaka. Binti wa Tansey alisimama pembeni yangu akasema, "Huyo mtoto nimecheza naye dansi." Watoto wetu walilia njia nzima ya kurudi, si kwa kufungwa bali kwa kuonewa, na mtoto anajua tofauti.

Kwa hiyo mwaka huu kanuni ni moja: aliyetimiza miaka kumi na miwili kabla ya tarehe mosi Januari hachezi na wadogo, awe mtoto wa nani. Kila mtoto ataleta cheti cha ubatizo, na tutaanza na sisi wenyewe kabla ya kuwanyooshea wengine kidole. Nina watoto thelathini na mmoja, wa miaka minane hadi kumi na mitatu. Kwenye mazoezi nawapanga wawili wawili kwa ulingano wa kimo na mbio, kisha natenganisha kila jozi, mmoja kulia mmoja kushoto. Timu zinatoka sawa kama mikate ya Mama. Na kila mtoto atacheza walau nusu ya mechi, awe hodari awe gogo.

Wewe uliwafundisha miaka minane. Niambie, nimesahau nini?

Dada yako,
Dympna


Boston,
8 Aprili 1984

Mdogo wangu Dympna,

Barua yako imenikuta mzima, ila mikono imekuwa migumu kwa saruji hata kalamu siihisi. Tunajenga ghorofa ya kumi na nne. Bado sina karatasi za hapa, kwa hiyo nikivuka kuja kuwaona sitaruhusiwa kurudi kazini, basi usiniulize tena kuhusu kiangazi. Mwambie Mama fimbo nitamtumia mimi, ya kifahari, ataona haya kuikataa.

Hongera kwa cheo. Mpango wako wa jozi ni mzuri kuliko wangu. Mimi niliwaacha wakubwa wawili wachague, na nikajifunza kwa kuchelewa kwamba yule anayechaguliwa wa mwisho kila Jumamosi huacha mpira kabla ya nyasi kukatwa. La kuongeza ni hili: usitazame mwaka tu, tazama mwezi. Wa Januari na wa Desemba tunawaita rika moja, kumbe mmoja ameshakula mwaka mzima wa viazi kuliko mwenzake. Ukiwagawa kwa jozi, mpe wa Desemba jozi wa Desemba.

Kuhusu vyeti vya ubatizo, achana navyo. Chukua orodha ya mwalimu pale shuleni, inatosha kabisa. Madaftari ya kanisa ni ya zamani, yana mambo mengi, na huyo padri msaidizi mpya hawajui watu. Orodha ya shule, Dympna. Nakuomba.

Busu kwa watoto. Mwambie Noreen nitampigia simu kwa Tansey Jumapili ya Pasaka saa nane.

Kaka yako,
Malachy


Cloonabrick,
20 Mei 1984

Malachy,

Salamu zipo, ila leo mkono ni mzito. Mama amekubali fimbo, lakini ya kutumia ndani tu, mapazia yakiwa yamefungwa. Ng'ombe mweusi amezaa. Noreen sijui hali yake, na nitakueleza kwa nini.

Sikuchukua orodha ya shule. Nisamehe, lakini orodha ya shule huandikwa kwa maneno ya wazazi, na wazazi ndio wale wale wanaotaka kombe. Nilimpa Padri Gillen majina thelathini na moja. Maskini yule padri, hajamaliza hata miezi mitano hapa, alikaa na daftari alasiri nzima akanakili vyeti vyote kwa mwandiko safi. Nilivipokea mlangoni kwake nikaanza kuvipanga pale pale.

Cha Fintan kinasema: Fintan Gaughran, mwana wa Malachy na Noreen, amezaliwa tarehe 6 Novemba 1971.

Nilikisoma mara tatu. Nilihisi kama nimemwagiwa ndoo ya maji ya kisimani. Sabini na moja, Malachy. Nilipotoka Leeds kule Uingereza nikarudi nyumbani, mliniambia mtoto ana miaka mitatu na nusu. Kumbe alikuwa na minne na nusu. Mwanao alitimiza kumi na miwili Novemba iliyopita, na mimi, shangazi yake, niliyepiga kelele juu ya masharubu ya watu, nimemchezesha mechi mbili na wadogo, na zote mbili yeye ndiye aliyetushindia. Pointi tano peke yake dhidi ya Drumcorban, mipira mitano juu ya mwamba wa goli, jamani. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka.

Nilikwenda kwa Noreen kabla ya kwenda kokote. Nilimpa kile cheti. Alikishika muda mrefu, akapitisha kidole juu ya jina. Kisha akaniuliza, "Nani ameandika hiki?"

Nikamwambia, padri.

"Na wewe wifi umekileta mpaka mlangoni kwangu."

Nikasema, "Noreen, tarehe ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli," akasema. "Fanya unachofanya." Akafunga mlango. Nilipogonga nimwombe cheti nikiweke kwenye faili alisema kupitia tundu la barua kwamba hakitoki tena humo ndani.

Basi nilifanya. Niliieleza kamati yote, sikuficha hata nukta. Hakuna aliyebisha. Walikaa kimya mpaka ungeweza kusikia saa ya ukutani, na Packie akasema, "Wewe ndiye shangazi yake, Dympna. Kama wewe unasema hivyo, sisi ni akina nani?" Nakuambia ukweli, nilijivunia ukimya ule. Nilijiambia, kumbe Cloonabrick bado watu wanaheshimu haki. Niliandika mwenyewe barua kwa kamati ya kaunti kurudisha ushindi wa mechi zote mbili. Drumcorban wanaingia fainali badala yetu. Fintan nimemhamishia kwa wakubwa, chini ya kumi na nne.

Nataka jibu moja tu. Mmemficha mtoto umri wake kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya mpira?

Dympna


Boston,
17 Juni 1984

Dympna,

Nimepata barua yako. Mimi ni mzima.

Fintan mwache hapo ulipomweka. Usiende tena kwa Noreen na karatasi yoyote. Hatukumficha mtoto umri kwa ajili ya mpira, na zaidi ya hapo sina la kuandika.

Fimbo ya Mama iko njiani.

Malachy


Cloonabrick,
15 Julai 1984

Malachy,

Fimbo imefika. Mama ameiita ya kifalme na ameitoa nje leo mpaka kanisani, kwa hiyo wewe umeshinda pale niliposhindwa miaka miwili. Nyasi zimekatwa. Drumcorban wamechukua kombe, goli tatu na pointi saba, na sikwenda kuangalia.

Barua yako ya mistari minne nimeisoma zaidi ya mara nne. Unadhani mimi ni mtu wa kutulizwa kwa fimbo? Ngoja nikueleze hapo nilipomweka pana hali gani.

Wanamwita Babu. Walianza wa Drumcorban, sasa hata wetu. "Babu, leo umenyoa?" "Babu, bibi hajambo nyumbani?" Wiki ya kwanza alicheka nao. Wiki ya pili alipigana na watatu. Anawafikia wenzake wa chini ya kumi na nne kwenye kiwiko. Mpango wangu wa jozi umekwama kwake, kwa sababu hakuna wa kulingana naye. Kila nikiwapanga wawili wawili anabaki peke yake katikati ya uwanja, mikono mfukoni, akingoja nimwambie aende wapi.

Jumamosi iliyopita tulicheza ugenini. Jitu moja la miaka kumi na mitatu lilimwangukia, halikukusudia. Mfupa wa mtulinga, pale begani, umevunjika. Nilimfunga mimi mwenyewe kwa shali yangu pale pale kwenye majani, maana hiyo ndiyo kazi yangu, na hakulia. Aliniuliza tu kwa sauti ya chini, wenzake wasisikie, "Shangazi, mimi nina miaka mingapi?"

Nikamwambia, "Kumi na miwili, na nusu juu."

"Mama anasema kumi na mmoja. Halafu nikimuuliza kwa nini basi niko na wakubwa, anatoka nje kwenda kuangalia kuku."

Nimekuwa muuguzi miaka kumi na mitano, na nakuambia mifupa ya yule mtoto si ya miaka kumi na miwili na nusu. Niliishika. Tangu siku ile silali vizuri. Noreen ananipita kanisani kama nguzo. Mama nikimuuliza anashika rozari. Kuna kitu nimekikanyaga, na ninyi nyote mnatazama mguu wangu hakuna anayenena.

Sasa nakuuliza kama dada. Tarehe ile ni ya nani?

Dympna


Boston,
nimeianza 5 Agosti, naimaliza 19 Agosti 1984

Mdogo wangu,

Natumai bega la mtoto linaunga. Mimi ni mzima wa mwili.

Barua hii nimeichana mara mbili. Nilijaribu kuiandika pia mwaka 1972, nikashindwa mara tatu, na ninadhani yote yametokana na hapo. Basi nikuambie tu. Walikuwa wawili.

Fintan wa kwanza alizaliwa tarehe 6 Novemba 1971. Baba alikuwa amekufa masika yale, na Mama alifurahi jina lake kurudi nyumbani. Tulimbatiza siku ya nne. Wewe ulikuwa Leeds, na hiyo ndiyo miaka miwili ambayo Mama hakutaka jina lako litajwe kwa sababu uliacha utawa. Nami nilikuwa mwoga, sikumpinga kwa kukuandikia.

Aliishi wiki tisa. Alikufa Jumapili, tarehe 9 Januari. Hakuwa mgonjwa. Noreen alimlaza baada ya kumnyonyesha, na alipokwenda kumtazama akamkuta ameshaondoka. Mimi nilikuwa kwenye mkutano wa klabu, Dympna. Tulikuwa tunabishana kama mtoto aliyezaliwa tarehe mosi Januari yuko ndani au nje ya rika. Saa nzima tulibishana. Mke wa Packie aliingia, akaniita kwa mkono, na mimi nikamwashiria angoje kidogo nimalize hoja yangu.

Tulimzika juu ya Baba. Jiwe lilikuwa limeshaandikwa Fintan Gaughran, kwa hiyo watu walisema hakuna haja ya kuongeza kitu.

Yule mwingine alizaliwa tarehe 28 Novemba mwaka ule ule wa 1972. Mama akasema apewe jina lile lile, kama ilivyofanywa siku zote, jina la babu lisife. Noreen hakutaka. Alisema, "Jina lina mwenyewe." Nilikuwa upande wa Mama. Tangu siku hiyo Noreen hajawahi kumwita mtoto Fintan. Anamwita Mdogo, kwa sababu ndivyo alivyo. Ni mdogo wa mwenzake. Tulikubaliana asijue kwamba amevaa jina la marehemu, na kila mwaka niliokaa kimya ulifanya ule unaofuata uwe mgumu zaidi.

Nilipokuomba utumie orodha ya shule, sababu ilikuwa hii. Nilidhani yatapita. Padri wako alifungua daftari, akakuta Fintan Gaughran wa kwanza, na hakuona sababu ya kugeuza ukurasa.

Uliponiandikia mara ya pili ningeweza kusema. Lakini nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya ghorofa ya kumi na sita, nikasoma tarehe ile kwa mwandiko wako, na nikaendelea kuisoma kazi ikiningoja. Msimamizi alidhani nina kizunguzungu akanirudisha nyumbani.

Noreen anaamini ulijua. Anaamini ulikwenda mlangoni kwake na jina la mtoto wake aliyekufa mkononi, kwa ajili ya mechi, ukijua.

Malachy


Cloonabrick,
2 Septemba 1984

Malachy,

Salamu sina. Barua yako niliisoma nimesimama jikoni, na nilipomaliza chai ilikuwa imemwagika mezani na sikumbuki nani aliimwaga. Nimepigwa na butwaa ambalo halijaniacha mpaka saa hii. Wiki nzima nafanya kazi, napima watu presha, nacheka nao, na ndani yangu naona kidole cha Noreen kikipita juu ya lile jina.

"Tarehe ni kweli au si kweli?" Hivyo ndivyo nilivyomuuliza. Mungu wangu, nilimuuliza hivyo.

Nilikwenda kwanza kwa Packie, nikamkuta anakunywa chai. Nikasema, "Packie, ulijua walikuwa wawili?"

Akaweka kikombe chini. "Parokia nzima ilikuwa mazikoni, Dympna."

"Na mlikaa pale mezani wanaume saba hamkusema neno?"

"Tulidhani unajua. Wewe ni wa damu. Tukasema labda kuna jambo la kifamilia kati yako na Noreen, na la kifamilia haliingiliwi."

"Mlidhani mimi ni mtu wa namna gani, nimfukuze mtoto uwanjani kwa siku ya kuzaliwa ya maiti?"

Unamjua Packie, hasemi uongo hata ukimwomba. Akasema, "Tulidhani wewe ni mtu wa haki."

Sijawahi kupigwa hivyo maishani, na aliyenipiga alinimiminia chai baadaye.

Kisha Padri Gillen. Alifungua daftari mbele yangu. Wa kwanza yuko juu ya ukurasa, na wa pili yuko nyuma yake, ukurasa mmoja tu. Padri alikuwa mweupe kama chokaa. Aliniandikia cheti cha pili, nami sikumlaumu. Yeye alinakili tu nilichomwomba. Mimi ndiye niliyempa majina bila mama zao kuulizwa.

Noreen nilimwendea wa mwisho. Sikuwa na karatasi. Nilisimama uani nikasema, "Noreen, sikujua. Nilikuwa Leeds, hakuna aliyeniandikia. Sikujua kwamba alikuwapo." Alikuwa amebeba ndoo ya chakula cha kuku. Alinitazama, akaona usoni kwangu nadhani, maana ndoo ilimponyoka. Akasema, "Hakuna aliyekuambia? Miaka kumi na miwili?" Sote wawili tukakaa chini pale pale kwenye ngazi na kuku wakala miguuni petu.

Baadaye alinieleza kwa nini hakunirudishia cheti. Mlizika, mkanyamaza, na yeye hakubaki na kitu chochote chenye jina la yule mtoto. Ile ndiyo karatasi ya kwanza kuipata. Ameiweka kwenye kitabu cha sala. Alisema aliponifungia mlango alikuwa na hasira ya kuniua, na wakati huo huo alikuwa anakimbia kuiweka mahali isikunjike.

Nikiiandikia kamati ya kaunti kumsafisha Fintan, lazima niseme kwamba walikuwa wawili, na litasomwa mbele ya watu. Fintan atasikia. Noreen anasema hilo haliwezi kuamuliwa bila wewe, na mimi nasema umeshanyamaza vya kutosha.

Dympna


Boston,
30 Septemba 1984

Dympna dada yangu,

Salamu kwa wote. Mimi mzima. Baridi imeanza.

Andika. Lakini kabla halijasomwa popote Noreen amwambie mtoto mwenyewe, na amwambie pia kwamba baba yake ndiye aliyetaka jina na baba yake ndiye aliyetaka kimya. Nimemwandikia Noreen hivyo hivyo. Kurasa sita. Yeye hajajibu, ila amenipigia simu kutoka kwa Tansey, na hatukusema mengi. Alilia kidogo nami nikalia kidogo, na Packie alikuwa anakohoa upande ule ili tujue hasikilizi.

Mwombe mchonga mawe aongeze mstari.

Malachy


Cloonabrick,
20 Januari 1985

Kwako kaka Malachy,

Heri ya mwaka mpya, ingawa umeanza kwa theluji na bomba la jikoni limeganda. Mama anazungumza na Noreen sasa juu ya yale yaliyopita, kwa maneno machache ya upole. Alimwambia siku ya Krismasi, "Nilikukosea juu ya jina," kisha akaomba viazi. Kwa Mama hiyo ni hotuba.

Noreen alimpeleka Fintan kaburini tarehe 6 Novemba, nami aliniomba niwe karibu. Jiwe lina mstari mpya: na mjukuu wake Fintan, wiki tisa. Alimweleza yote pale, bila kupamba. Nilitegemea mtoto alie. Alisoma jiwe kwanza, kisha akauliza, "Angekuwa mkubwa kuliko mimi?"

"Kwa mwaka mmoja na wiki tatu."

"Mrefu?"

Noreen akasema alizaliwa mrefu, ndiyo, miguu mirefu.

Fintan akaitikia kwa kichwa kama kocha. "Basi angecheza kiungo." Akafikiri tena. "Mimi naweza kumpa pasi." Hapo ndipo aliyelia nikawa mimi.

Barua ya kamati ya kaunti ilisomwa kwenye mkutano wa Jumapili iliyopita. Inasema Fintan Gaughran aliyezaliwa tarehe 28 Novemba 1972 alikuwa halali katika kila mechi aliyocheza mwaka 1984. Kombe halirudi, na mwenyewe halitaki. Nilisimama nikasema kosa lilikuwa langu, nikaomba radhi kwake kwa jina mbele ya wote. Wale waliomwita Babu walitazama sakafu. Niliwapa pia barua ya kujiuzulu ukatibu. Packie aliikunja akaitia mfukoni akasema, "Keti chini, Dympna, tuna orodha ya kupanga." Kanuni imebadilika: cheti kitaendelea kutakiwa, lakini hakuna cheti kitakachosomwa na mtu mpaka mama wa mtoto akione kwanza. Na jana kwenye mazoezi nilimsikia Noreen akipiga kelele kutoka pembeni ya uwanja, "Fintan, achia mpira." Uwanja mzima uligeuka. Yeye aliachia mpira.

Sasa kazi. Mwaka mpya, rika jipya. Jana nimepanga orodha ya chini ya kumi na nne, ambayo sasa ni ya waliozaliwa 1971 na 1972. Wote wawili wangekuwa humo, Malachy. Mwaka huu wangecheza pamoja.

Nimehesabu mara tatu, nikapandisha na wawili kutoka kwa wadogo. Timu ni ya watu kumi na watano, sisi tuko kumi na wanne. Nimewapanga mabeki, nimewapanga washambuliaji, kipa yupo. Tumepungukiwa na kiungo mmoja.

Dada yako,
Dympna